Acheni Kuniambia Wanyama "Watazoea"

Kuna neno moja huwa linanikera kwenye komenti kuliko matusi. Watazoea.

Mtu anaposti klipu ya mikoko imekatwa huko Mombasa, kando yake ukuta mpya wa ploti umesimama, na msee mwingine anauliza kwa upole tu: sasa wale wanyama walikuwa wanaishi hapo wameenda wapi? Jibu linakuja chap chap, na emoji tatu za kucheka. Si watazoea! Hiyo ndiyo mageuzi, bana. Kwani hukusoma bayolojia?

Nilisoma. Na ndiyo maana leo siwahubirii. Nataka tufanye kitu cha kufurahisha: tubuni mnyama. Mimi na wewe, hapa hapa. Tumpe mahali pa kuishi, chakula, mwili, kila kitu. Tukimaliza uniambie kama bado unaweza kusema hilo neno bila kuona haya.

Sheria ni moja tu. Kila kitu kizuri tunachompa mnyama wetu, lazima akilipie. Siku hizi ukiwa na programu ya akili unde unaweza kutengeneza simba mwenye mabawa sita, anang'aa usiku, anakula mawe. Sawa, picha ni noma. Lakini huyo si mnyama, huyo ni nembo ya kinywaji cha kuongeza nguvu. Kuna Mskoti anaitwa Dougal Dixon ambaye mwaka 1981 alitoa kitabu kizima cha wanyama wa kubuni, After Man, kuhusu dunia baada ya binadamu kutoweka. Hawa walishika akili za watu kwa sababu kila mmoja alikuwa na babu anayejulikana, na mwili wake ulikuwa na sababu. Tutafuata njia hiyo.

Haya, twende.

Mnyama wetu anaitwa pimbikoko

Hayupo. Nimemtunga, kwa hivyo msianze kumtafuta Google.

Babu yake ni jamaa ya pimbi. Kama umewahi kwenda Hell's Gate umemwona pimbi: mnyama wa kahawia, mkubwa kidogo kama sungura, hana mkia wa maana, amekaa juu ya jiwe anaota jua na sura ya mtu anayedaiwa kodi ya nyumba. Ana binamu anayekaa juu ya miti, pelele, ambaye wengi wetu hatujamwona ila tumesikia anavyopiga mayowe usiku msituni. Pelele wako pwani pia, mpaka Zanzibar na Pemba.

Sasa shika hii, itatusaidia baadaye: ndugu wa karibu zaidi wa pimbi walio hai leo ni tembo na nguva. Usicheke. Huyo mdogo wa Hell's Gate, tembo wa Tsavo, na nguva wa baharini wana ukoo mmoja wa zamani sana.

Tuseme zamani, zamani kweli, kikundi cha pelele kilijikuta kwenye kipande kidogo cha msitu kando ya mkono wa bahari, mahali kama Mida au Gazi. Mvua ikapungua. Msitu wa nchi kavu ukazidi kukonda. Na mbele yao kuna msitu mwingine mkubwa, wa kijani mwaka mzima: mikoko. Majani ni mengi na wanaoyagombania ni wachache.

Kwa nini wasihamie tu? Hapo ndipo "watazoea" inaanza kuchanika.

Deni la kwanza: chumvi

Mikoko haikai kwa maji ya chumvi bure. Mti unaoitwa mchu unavuta maji ya bahari na kutoa chumvi kupitia majani. Siku ya jua kali ukishika jani lake unaweza kuhisi punje za chumvi kwa vidole. Kwa hivyo mnyama anayekula majani hayo kila siku anameza chumvi kila siku.

Kuna wanyama walitatua hili. Visiwa vya Galápagos viko na mjusi mkubwa mweusi, iguana wa baharini, anayekula mwani. Ako na tezi karibu na pua zinazochuja chumvi kutoka kwa damu, kisha anaipiga chafya nje. Ukiona picha yake na kichwa kimejaa unga mweupe, hiyo ni chumvi ya chafya zake mwenyewe. Lakini mamalia hawana tezi hizo. Sisi wote wenye kunyonyesha tunategemea figo. Huko Gujarat, India, kuna ngamia wanaitwa Kharai ambao huogelea kabisa hadi kwenye mikoko wakale majani, na hata hao lazima warudi nchi kavu kunywa maji matamu.

Kwa hivyo pimbikoko tunampa figo kali, zinazoweza kutoa mkojo wenye chumvi nyingi kwa maji kidogo. Na tunampa tabia ya kulamba majani mvua ikinyesha na kunywa maji yaliyotuama kwenye mashimo ya miti. Safi?

Ngoja. Hizo figo zilitoka wapi?

Watu wengi wanafikiria hivi: pelele alikula chumvi, figo zikapata mazoezi, zikakomaa, akazaa watoto wenye figo zilizokomaa. Kama mtu wa jimu. Hapana. Chukua pelele mia. Wote wanazaliwa tofauti kidogo, kama vile nyinyi kwenu mmezaliwa wanne na kila mmoja na urefu wake. Wachache, kwa bahati tu, wako na figo nzuri kuliko wenzao. Kinakuja kiangazi kibaya. Hao wengine wanakufa kabla ya kuzaa. Wachache wanabaki, wanazaa, watoto wanarithi. Kiangazi kinarudi. Tena na tena, vizazi kwa vizazi.

Angalia vizuri hiyo stori. Ni pelele gani hapo alizoea? Hakuna. Waliozaliwa na figo mbaya walikufa na figo mbaya. Waliobaki walikuwa nazo tangu kuzaliwa. Tunachoita mageuzi ni hesabu inayofanywa baada ya mazishi.

Deni la pili: tumbo

Wazee wa pwani wanajua magome ya mikoko yana rangi na ukali wa kutengeneza ngozi. Ule ukali, tanini, uko kwa majani pia. Unashikana na protini na kufanya chakula kiwe kigumu kusagwa. Ni kama kunywa chai ya rangi iliyochemka tangu asubuhi, lakini wewe unaila, siku yako yote.

Dawa ni kuwa na bakteria wengi tumboni wa kukuchachushia majani polepole. Pimbi wa kweli tayari ana tumbo lenye vyumba vya kuchachusha, kwa hivyo mnyama wetu haanzi sifuri. Nguva naye ana utumbo mrefu unaozidi mwili wake mara nyingi, kwa sababu ya nyasi bahari anazokula. Na Borneo kuna nyani mwenye pua kubwa ajabu, anayekula majani karibu na mito na mikoko; tumbo lake la kuchachusha ni kubwa mpaka anaonekana mjamzito hata akiwa dume.

Basi pimbikoko ana kitambi. Si kitambi cha pesa, ni kiwanda. Na kiwanda kinadai: chakula chake kina nguvu kidogo, kwa hivyo masaa mengi anakaa tu akisaga. Hawezi kukimbia mbali. Hawezi kupoteza joto ovyo. Ukimfukuza kutoka mti mmoja hadi mwingine siku nzima, unamuua kwa njaa hata kama majani yako kila mahali.

Deni la tatu: saa

Huku Nairobi tunaishi kwa jua na kwa foleni ya magari. Mikokoni saa ni mwezi. Maji yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kwa kama dakika 50. Wakati wa bamvua maji yanapanda zaidi ya mita 3 hapa pwani yetu. Wakati wa maji mafu yanatulia. Mnyama anayeamka saa kumi na mbili kila asubuhi kwenda kula, wiki moja atakuta tope, wiki nyingine atakuta bahari.

Na kuna mtu amewahi kusuluhisha hili hapa kwetu, si wa kubuni. Kwenye mikoko ya Kenya kuna kaa mdogo anayepanda mti mara mbili kwa siku kwenda kula majani mabichi juu, kisha anateremka mizizini. Mara mbili, kila siku, kama mtu wa shifti. Huyo hajulikani na mtu, hana hata meme moja.

Kwa hivyo tumpe pimbikoko mwili unaosikia maji badala ya jua. Tumpe vidole vilivyotanuka visizame kwenye tope. Nyayo za pimbi wa kweli ni laini kama mpira na huwa na unyevu wa jasho unaomsaidia kushika jiwe. Hizo tunaziacha, zitamsaidia kwa mizizi inayoteleza. Maji yakijaa anabaki juu ya mti wake, yakipwa anavuka kwenda mwingine.

Lakini sasa mtoto anazaliwa wapi? Hakuna shimo, chini yote hufunikwa na maji. Lazima azaliwe akiwa tayari, macho wazi, anashika manyoya ya mama. Pimbi wa kweli hubeba mimba miezi 7 hivi, na watoto wake hutoka macho wazi na kutembea mapema. Pimbikoko atabeba zaidi, na atazaa mmoja tu, kwa sababu mama hawezi kubeba wawili juu ya mti na kitambi kile. Mmoja. Halafu anangoja, pengine miaka miwili, ndipo azae tena.

Tumemaliza. Mnyama wetu ni mzuri, nimempenda. Ana figo za ngamia, tumbo la kiwanda, saa ya mwezi na mtoto mmoja mgongoni. Hakuna mwingine anayeweza kuishi pale kama yeye.

Na kwa sababu hiyo hiyo, hakuna mahali pengine anapoweza kuishi.

Sasa kata mikoko yake

Hiki ndicho kitu watu wa "watazoea" huwa hawaoni. Kadiri mnyama anavyofaa mahali pake, ndivyo anavyofungwa hapo. Kila zawadi tuliyompa ni kamba.

Mpe mwenye ploti misumeno miwili na miezi mitatu. Pimbikoko atafanya nini? Atazaa mtoto mwenye tumbo jipya? Alibeba mimba miezi minane, atazaa mmoja, na huyo mmoja atakuwa kama mama yake. Vizazi mia vya pimbikoko ni mamia ya miaka. Miezi mitatu si hata mimba moja.

Tuache kubuni, tuone ukoo wake wa kweli. Mwaka 2001 mwanasayansi Daryl Domning alieleza mifupa kutoka Jamaica ya mnyama aliyeishi karibu miaka milioni 50 iliyopita, Pezosiren. Ni ndugu wa zamani wa nguva, lakini alikuwa na miguu minne na angeweza kutembea nchi kavu. Kutoka kwa wanyama kama yeye mpaka nguva wa leo, asiye na miguu ya nyuma, mwenye mkia kama wa nyangumi na mifupa mizito inayomsaidia kutulia chini akila nyasi, ni mamilioni ya miaka.

Sasa weka hiyo kando ya hii. Mwaka 1741 Georg Steller, aliyekuwa kwenye meli ya Warusi iliyovunjika kaskazini mwa Pasifiki, alikuta nguva mkubwa ajabu, anaweza kufika mita 8, hana meno, anakula mwani wa baridi karibu na ufuo. Alikuwa mpole, mnene, rahisi kuchomwa mkuki. Kufikia 1768 alikuwa ameisha duniani. Miaka 27. Mtu aliyezaliwa wakati Steller anamwona angekuwa hata hajafika umri wa kuitwa mzee.

Nani alikuwa azoee hapo, na kwa muda gani?

"Lakini kuna wanyama wamebadilika haraka"

Najua mtu ataniletea hii, na iko na ukweli, kwa hivyo tuiangalie bila kukwepa.

Mfano bora kabisa uko Mozambique, mbuga ya Gorongosa. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, 1977 hadi 1992, tembo waliuawa kwa ajili ya pembe, na zaidi ya asilimia 90 wakaisha. Watafiti walichapisha mwaka 2021 kwamba kabla ya vita, tembo jike wasio na pembe walikuwa kama asilimia 18. Baada ya vita walikuwa karibu nusu. Watu wakaandika mitandaoni: ona, tembo wamejifunza kuzaliwa bila pembe! Wajanja!

Hakuna aliyejifunza. Wale wenye pembe walipigwa risasi. Waliobaki wakazaa. Na deni liko pale pale: jeni inayohusika na kukosa pembe inaonekana kuua watoto dume kabla hawajazaliwa, kwa hivyo jike asiye na pembe huzaa madume wachache. Bila pembe pia huwezi kubambua gome la mti wala kuchimba maji vizuri.

Kwa hivyo ukiniambia tembo walizoea, nakubali, ila sema yote. Sema walizoea kwa kufa tisa kwa kila kumi. Kama hiyo ndiyo maana ya "watazoea", itumie na bei yake.

Na yule iguana wetu wa chafya? Huyo ni fundi. Wakati wa El Niño, maji yakiwa moto na mwani ukiisha, mwili wake unaweza kupungua urefu mpaka asilimia 20, kisha akarefuka tena chakula kikirudi. Hata mifupa. Hakuna mnyama mkubwa mwenye uti wa mgongo aliyewahi kunishangaza hivyo. Lakini hata na ujanja huo wote, wengi hufa njaa kila El Niño kali. Halafu Januari 2001 meli ya mafuta Jessica ilikwama Galápagos. Mafuta yaliyofika kisiwa cha Santa Fe yalionekana machache, watu wakapumua. Mwaka mmoja baadaye watafiti wakahesabu: asilimia 62 ya iguana wa kisiwa hicho walikuwa wamekufa. Wanashuku mafuta yaliua bakteria wa tumboni wanaosaga mwani. Mnyama aliyejua kupunguza mifupa yake mwenyewe aliangushwa na kitu kidogo ambacho historia yake haikuwahi kumwandalia.

Hiyo ndiyo tofauti. Kiangazi na El Niño ni taabu za zamani, ukoo ulizilipia tayari. Meli ya mafuta, saruji na wavu wa nailoni ni taabu za jana.

Turudi nyumbani

Hapa Kenya tuko na aina 9 za mikoko, na zaidi ya nusu ya misitu yake iko Lamu. Mombasa ndiyo iko na presha zaidi. Mwaka 2005 mafuta yalimwagika bandarini na mikoko ya upande wa Port Reitz ikaguswa. Kabla ya hapo, mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha matope mengi Mwache, mikoko ikafa. Na mikoko hupumua kwa mizizi inayochomoza juu ya tope. Ukiizika, umeiziba pua.

Bahari nayo inapanda. Kawaida mikoko ingefanya ilivyofanya siku zote: miche inahama polepole kwenda ndani, kule maji yanapofika sasa. Miti haiogopi kuhama, mradi kuna nafasi. Lakini ikifika ndani inakuta nini? Ukuta wa ploti. Barabara. Mbele maji, nyuma saruji. Hapo hata mti, ambao uko tayari kuzoea, umenyimwa mahali pa kuzoelea.

Sisemi watu wasijenge. Wala sinyooshei kidole mzee wa Lamu anayekata boriti kwa kibali kama babu yake. Watu wa pwani wamejengea mikoko kwa karne nyingi na misitu ikabaki. Huko Gazi wanakijiji kupitia Mikoko Pamoja wanalinda na kupanda mikoko, wanauza hewa ya kaboni, na pesa zinaenda kwa maji na shule. Kwa hivyo njia ziko. Ninachokataa ni kutumia sayansi kama blanketi ya kufunika uvivu.

Na sasa nguva. Sisi wengi tukisikia "nguva" tunaona msichana wa katuni mwenye nywele ndefu na mkia wa samaki. Yule wa kubuni amejaa kwa simu zetu, wa kweli amebaki bila picha. Nguva wa kweli hula nyasi bahari, anaweza kuishi miaka 70, jike huzaa mtoto mmoja baada ya mimba ya zaidi ya mwaka, na kati ya mtoto na mtoto inaweza kupita miaka 3 hadi 7. Hupumua hewa kama wewe. Akinaswa na jarife chini ya maji, dakika chache tu anazama. Mwaka 2022 shirika la IUCN liliweka nguva wa pwani ya Afrika Mashariki kwenye kundi la walio hatarini kabisa kutoweka: watu wazima hawafiki 250 kwenye pwani hii yote, na kikundi pekee chenye matumaini kiko Bazaruto, Mozambique. Kwetu huku, kumwona mmoja Lamu au Kiunga ni habari ya kupigiana simu.

Pimbikoko wangu nikimfuta, namchora upya kesho. Nguva hana mtu wa kumchora upya. Miaka milioni 50 ya madeni yaliyolipwa, imebeba na wanyama wasiotosha kujaza matatu nane.

Na hii ni yetu pia

Enyewe, kuna sababu nyingine neno hili linaniuma. Tunaambiwa sisi pia. Nauli imepanda? Mtazoea. Umemaliza chuo na kazi hakuna? Vijana wajipange, wazoee. Maji ya mtaa yanakuja Jumanne pekee? Tumezoea.

Binadamu tofauti na pelele anaweza kujifunza maishani mwake, hiyo ni kweli na ni baraka yetu. Lakini angalia ni nani husema neno hili. Mara nyingi ni mtu ambaye si yeye atakayelipa. Mwenye gari humwambia wa matatu atazoea. Mwenye ploti humwambia kaa atazoea. Na wale wachache wanaofanikiwa wanaonyeshwa kama ushahidi: ona, huyu alitoboa! Ni sawa na kumwonyesha tembo mmoja asiye na pembe na kunyamaza kuhusu mizoga tisa.

Kwa hivyo naomba kitu kidogo. Mtu akikuandikia "watazoea", usimtukane. Muulize maswali matatu. Wangapi watakufa kabla ya kuzoea? Itachukua vizazi vingapi, na huyu mnyama huzaa kila baada ya muda gani? Na wakianza kuzoea, watakuwa wamebakiziwa wapi pa kusimama? Akiwa na majibu, mazungumzo yanaendelea. Akikosa, angalau ameanza kuhesabu.

Na nyinyi wachoraji, nawajua mko hapa: nileteeni mnyama wenu wa pwani anayekula majani, mwani, nyasi bahari, chochote kisichopiga kelele kikiliwa. Mabawa sita sitaki. Nataka jina, babu yake ni nani, anakunywa maji wapi, na chini ya picha uandike mstari mmoja tu: alilipa nini. Nitaziposti zote Jumamosi, na katikati yao nitaweka picha moja ya nguva wa kweli, bila maelezo. Tuone ni wangapi watadhani ametungwa.